Sura ya 7: Bima Inamfuata Dereva

Anayehamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki huonywa mengi kabla ya safari: baridi, kodi ya nyumba, upweke wa Januari. Onyo moja husahaulika, kwa sababu hakuna anayedhani linahitaji kutolewa: usimwachie mtu ufunguo wa gari lako. Kwetu gari la mmoja hutumiwa na ukoo. Shemeji akioa, linakwenda kubeba maharusi. Jirani akiuguliwa usiku wa manane, anagonga mlango na ufunguo unatolewa bila maswali. Aliyekataa kuazima gari siku ya shida hukumbukwa kwa hilo miaka mingi. Bima zetu nazo zimekaa mkao huohuo. Mikataba mingi ya Kenya na Tanzania, iwe bima ndogo inayomlinda mtu wa tatu au bima kubwa inayolinda na gari lenyewe, humkubali dereva yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa na mwenye gari. Trafiki akikusimamisha anakagua bima ya gari, anakagua leseni yako, anakuruhusu uende. Haulizi kama jina lako limo kwenye mkataba.

Uingereza linaulizwa. Mkataba wa kawaida wa bima ya gari huko hutaja madereva kwa majina, na asiyetajwa hana bima, hata kama gari analoliendesha limekatiwa bima kubwa jana. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1988 kinamtia hatiani anayeendesha bila bima, na kinamtia hatiani vilevile aliyemruhusu kuendesha. Kosa la kwanza tunalielewa wote. Hili la pili ndilo linalowapata watu wema, waliotoa ufunguo kwa moyo safi.

Fikiria nyumba moja ya Leicester. Mjomba amekuja kutoka Tanga kumtembelea mpwa wake aliyejifungua. Ameendesha malori maisha yake yote, leseni yake ya Tanzania ni hai, hajawahi kugonga hata kuku. Maziwa ya mtoto yameisha. “Mwanangu, nipe ufunguo nikimbie dukani,” anasema. Upande wa leseni hana tatizo, kwa kuwa mgeni anaweza kuendesha gari dogo kwa leseni ya kwao hadi miezi 12 tangu alipoingia nchini. Tatizo ni bima. Kamera za barabarani zinazosoma namba za magari hazitamshtukia, maana kumbukumbu zinaonyesha gari lina bima. Siri itafichuka siku polisi wakimsimamisha, au siku atakapogusa bampa la mtu. Hapo kosa la kuendesha bila bima adhabu yake ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni; kesi ikifika mahakamani faini haina kikomo, na polisi wana mamlaka ya kulibeba gari. Mpwa mwenye gari naye anahesabiwa mkosaji.

Sasa ongeza jambo ambalo wahamiaji wengi hawalijui. Uingereza ina sheria ya mwaka 1995 inayowahusu madereva wapya: ukipata pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu ulipofaulu mtihani wako wa kwanza wa Uingereza, leseni inafutwa, na unaanza upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Umri haukuokoi, wala miaka 20 uliyoendesha Nairobi. Kwa hiyo mpwa aliyefaulu mwaka jana, baada ya kungoja miezi na kulipa walimu, anaweza kupoteza leseni yake kwa safari ya dukani ambayo yeye mwenyewe hakuiendesha. Na kosa hilo hukaa kwenye kumbukumbu za leseni kwa miaka 4, huku kampuni nyingi za bima zikiuliza habari za miaka 5 iliyopita kabla ya kukutajia bei.

Kumkatalia mjomba hakuhitaji kumvunjia heshima. “Mjomba, nipe dakika chache nikukatie bima kwanza,” inatosha. Zipo bima za siku moja, hata za saa chache, zinazokatwa kwa simu, na baadhi ya kampuni hukubali leseni ya nje. Njia nyingine ni kuiomba kampuni yako imwongeze kama dereva wa ziada kwa wiki atakazokaa. Yote mawili yana gharama, na kwa mwenye leseni ya kigeni gharama haiwi ndogo. Lakini kwa mgeni wa mwezi mzima anayetaka kuendesha, bima inapaswa kuingizwa kwenye hesabu ya ujio wake kama ilivyoingizwa tiketi ya ndege. Kuna pia mikataba inayomruhusu mwenye bima kuendesha magari ya watu wengine. Wengi huidhani ni haki ya kila aliye na bima kubwa. Sivyo: ni lazima iandikwe kwenye cheti chako, mara nyingi hawapewi wenye umri chini ya miaka 25, na hata ukipewa humlinda mtu wa tatu tu. Gari la rafiki uliloliharibu utalilipa mwenyewe.

Ndugu zako walioko nchi nyingine watakueleza tofauti, nao watakuwa wanasema kweli. Ujerumani bima ya lazima imefungwa kwenye gari. Ukimpa asiyetajwa, aliyegongwa atalipwa, kisha kampuni itakudai wewe nyongeza au faini ya mkataba. Marekani, katika majimbo mengi, bima ya gari humfuata aliyeazimwa kwa ruhusa. Ushauri wa kaka aliyeko Minnesota ni mzuri kwa Minnesota. Ukiupeleka Birmingham unakupeleka mahakamani.

Tuje kwenye leseni yenyewe, kwa sababu bima bila leseni halali ni karatasi. Anayehamia England, Scotland au Wales na leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni hiyo kwa miezi 12 tangu alipoanza makazi. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake ya leseni, kwa hiyo anayehamia Belfast aulize huko. Baada ya miezi hiyo, ruhusa inakwisha, iwe leseni ya nyumbani bado ni hai au la.

Maneno ya kushika hapo ni “tangu alipoanza makazi”. Mtaani kuna imani kwamba ukienda nyumbani Desemba na kurudi Januari, miezi 12 inaanza upya. Imani hiyo imezaliwa na kanuni ya wageni, ambao kwao kweli hesabu hufuata siku ya kuingia. Mkazi si mgeni. Kwenda kuwasalimu wazazi Kisumu hakukufanyi uwe mhamiaji mpya. Wapo pia wanaonunua kile kijitabu cha leseni ya kimataifa kinachotolewa na vyama vya magari nyumbani, wakiamini kinaongeza muda. Kijitabu hicho kazi yake ni kuifasiri leseni yako kwa lugha nyingine. Kwa nchi ambayo leseni yako inasomeka tayari, hakikuongezei hata siku moja.

Halafu kuna orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, mradi uombe ndani ya miaka 5 ya makazi. Kutoka Afrika zimo Afrika Kusini na Zimbabwe. Sisi hatumo. Inauma, hasa ukikumbuka kwamba Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tunaendesha upande wa kushoto kama London, na mifumo yetu ya usukani na barabara tumeirithi kwao. Mtu wa Lubumbashi au Bujumbura, aliyezoea kulia, ana kazi kubwa zaidi ya kujifunza, lakini mbele ya orodha hiyo sote tuko sawa. Kigezo wanachosema wanakitumia ni ulinganifu wa mitihani, yaani kama mtihani wa nchi husika unapima yale yanayopimwa kwao. Ningependa serikali zetu zilipeleke jambo hili mezani kama zinavyopeleka viza na biashara, kwa sababu manesi, wahudumu wa wazee na madereva tunaowapeleka huko ni wengi, na kazi nyingi za kuhudumia wagonjwa majumbani haziajiri asiyeendesha gari.

Mpwani aliyepitia Ghuba ana mlango wa pembeni. Umoja wa Falme za Kiarabu uliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2021, kwa hiyo aliyefanya mtihani Dubai au Abu Dhabi anaweza kubadilisha leseni yake akifika Uingereza. Lazima awe ameufanya mtihani huko. Leseni iliyopatikana kwa kubadilishwa kutoka nchi isiyo kwenye orodha haifungui mlango huu. Oman, ambako jamaa zetu wengi wa Unguja na Pemba wameweka makazi, haimo.

Kwa sisi wengine, njia ni mtihani, na ushauri wangu mkubwa katika sura hii ni kwamba uanze mwezi wa kwanza. Omba leseni ya kujifunzia kwa mamlaka ya leseni iliyoko Swansea. Mtandaoni ni pauni 34, na unatakiwa uwe na kibali cha kuishi nchini kwa siku 185 au zaidi. Watu huahirisha kwa hofu kwamba wakiichukua watashushwa daraja na kuwa wanafunzi: vibandiko vyekundu vya herufi L, na mtu wa kukaa nao pembeni. Hofu hiyo haina msingi. Ukiwa bado ndani ya miezi 12 na leseni ya nyumbani ni hai, unaendelea kuendesha peke yako kama kawaida, huku leseni ya kujifunzia ikikuwezesha kuweka miadi ya mtihani. Masharti ya mwanafunzi yanakukuta miezi hiyo ikipita kabla hujafaulu. Hapo itabidi uwe na msimamizi mwenye umri wa zaidi ya miaka 21 aliyekuwa na leseni kamili kwa angalau miaka 3, uweke vibandiko, na ukate bima ya mwanafunzi. Aliyekuwa akijiendesha kazini usiku kwa zamu za hospitali anajikuta anatafuta mtu wa kumsindikiza.

Kabla hujapanda ndege, hakikisha leseni ya nyumbani haitaisha katikati ya mwaka huo. Ikiisha mwezi wa 4, ruhusa yako ya miezi 12 imekufa mwezi wa 4. Kuihuisha kupitia NTSA ya Kenya au TRA ya Tanzania ukiwa nyumbani ni shughuli ya kawaida. Ukiwa Coventry inakuwa mtihani mwingine.

Mtihani wa nadharia una maswali 50, na unatakiwa kupata 43. Pamoja nayo kuna vipande 14 vya video vya kutambua hatari barabarani, ambavyo alama zake ni 75 na wa kufaulu ni 44. Ada ni pauni 23, na cheti chake kinadumu miaka 2. Hauna Kiswahili. Wa barabarani huchukua dakika 40 hivi, kwa pauni 62 siku za kazi na 75 jioni au mwishoni mwa wiki. Unaweza kufanya makosa madogo hadi 15; kubwa moja tu linakuangusha. Foleni ya miadi ni ya miezi mingi katika miji mingi, na hii ndiyo sababu ya kuanza mapema. Anayeanza kufikiria mtihani mwezi wa 9 amekwisha kuchelewa.

Madereva wetu wazoefu huanguka mara kwa mara, na huanguka wakiwa wanajua kuendesha. Mkaguzi anataka akuone ukitazama vioo kabla ya kila badiliko la mwendo na la mwelekeo, na kichwa chako kigeuke kweli. Kwenye kipilefti anataka uchague njia mapema, utoe ishara ya kutoka, usubiri anayetoka kulia bila kumbana. Kule Ubungo au Mombasa Road aliyebana kidogo ndiye anayepita, na mwili umeshazoea hivyo kabla akili haijaamua. Kwa hiyo masomo machache kwa mwalimu mwenye kibali si aibu kwa mtu wa makamo. Uamuzi mwingine ni aina ya gari: ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu. Kama kazi unayoitafuta ina magari ya gia za mkono, fikiria hilo kabla ya kulipa.

Turudi kwenye bima, sasa kwa mtu aliyeamua kununua gari lake. Utaulizwa maswali mengi: unaishi wapi, gari linalala wapi usiku, unafanya kazi gani, unaendesha maili ngapi, umekuwa na leseni ya aina gani kwa muda gani. Sheria ya mwaka 2012 inakutaka uchukue tahadhari ya kutosha usijibu uongo. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, na kufutiwa mkataba ni jambo utakaloulizwa kila utakapoomba bima nyingine. Aliyegongwa bado anaweza kulipwa, kwa maana sheria inamlinda, lakini kampuni itakufuata wewe irudishiwe fedha zake.

Uongo unaotuponza zaidi unaonekana kama msaada wa kifamilia. Kijana wa miaka 19 anatajiwa bei ya kutisha, basi mama anakata bima kwa jina lake kama dereva mkuu, na kijana anaandikwa wa ziada, ingawa gari liko chuoni kwake wiki nzima. Makampuni yanaujua mchezo huu na yanauita udanganyifu. Mwingine ni wa kazi. Bima ya matembezi na ya kwenda kazini haimkingi anayepeleka chakula kwa malipo au kubeba abiria, na mara nyingi haimkingi mhudumu anayezunguka nyumba hadi nyumba. Ukianza kazi ya jioni ya kupeleka pizza, ipigie kampuni simu kabla ya safari ya kwanza. Ukihama nyumba, vilevile, ijulishe kampuni na uijulishe Swansea. Wapangaji wapya huhama mara nyingi, na kutobadilisha anwani kwenye leseni kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000.

Bei inaumiza, na hapa sitaki kuzungusha maneno. Miaka yako ya kuendesha nyumbani mara nyingi haihesabiwi, na punguzo la kutodai ulilolijenga Nairobi au Arusha kampuni nyingi hazilitambui. Hata hivyo omba barua ya bima yako ya nyumbani kabla ya kuondoka, kwa sababu chache hulikubali. Mwaka 2022 shirika la Citizens Advice lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika maeneo wanakoishi watu wengi weusi na wa jamii nyingine za wachache, bei walizotajiwa wateja zilizidi kwa angalau pauni 280 kwa mwaka. Makampuni yanasema hayapangi bei kwa rangi ya mtu. Huenda hakuna swali la rangi kwenye fomu, lakini anwani inasema mengi, na anayelipa nyongeza hiyo ni mtu anayefanya zamu mbili. Wanaharakati wanaolisukuma suala hili bungeni wanastahili sauti zetu.

Bei hiyo ndiyo inayowalisha madalali hewa. Tangazo linapita kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: bima ya mwaka kwa nusu bei, anayeuza ni “mtu wetu”, anasema Kiswahili au Kilingala, analipwa taslimu. Anaweza kukupa hati ya kughushi, au kukukatia bima kwa habari za uongo kisha kuifuta na kubaki na fedha zako. Mbele ya polisi wewe ndiye uliyeendesha bila bima, na kudanganywa si utetezi. Hakikisha kampuni au wakala yumo kwenye rejista ya mamlaka ya huduma za fedha, na angalia namba za gari lako kwenye hifadhidata ya bima, ambayo mwenye gari huruhusiwa kuitazama bure. Kama unahisi umetapeliwa na mtu wa jumuiya, mripoti. Anayemwibia nesi wa usiku bima yake hastahili kufichwa kwa kuwa tumetoka naye wilaya moja.

Kushusha bei kwa haki kunawezekana kidogo kidogo. Gari lenye injini ndogo, kifaa kinachopima unavyoendesha, dereva mzoefu wa ziada ambaye kweli analitumia gari, kulipa mwaka mzima badala ya kila mwezi kwa riba, kulinganisha bei wiki kadhaa kabla ya mkataba kuisha. Tangu Januari 2022 kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya ambavyo ingemtoza mpya kama yeye, ingawa kampuni nyingine bado inaweza kuwa nafuu. Kila mwaka usiodai fidia unajenga punguzo, na punguzo hilo kwa kawaida hufa ukikaa miaka 2 bila bima.

Na siku utakapogonga au kugongwa, tabia ya nyumbani ya kuyamaliza pale pale inabidi isubiri. Simama. Toeni majina, anwani, namba za magari na habari za bima, piga picha. Kama hamkubadilishana habari hizo, au kuna aliyeumia na hukuonyesha cheti cha bima, polisi wajulishwe haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Kisha ijulishe kampuni yako, hata kama mmekubaliana kila mtu atengeneze lake na hudai kitu, kwa sababu mikataba mingi inakulazimisha. Mwenzako aliyekupa mkono na kusema yamekwisha anaweza kuamka wiki ijayo na maumivu ya shingo na wakili, na kampuni iliyosikia habari hizo kwanza kutoka kwa wakili huyo itataka kujua kwa nini wewe ulinyamaza.